Yeye ni Kama Wewe

Faith na Moraa, mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, tangu nistaafu, Baba Nekesa ananifuata chumba hadi chumba akiniuliza leo tunakula nini. Pili, juzi nilipita dukani nikakuta mmeacha pasi ya stima juu ya kitambaa cha nailoni, nyinyi mko mlangoni mnaangalia watu wakigombana stejini. Kwa hivyo naona bado kuna mambo ya kuandikiwa.

Sitawaambia nilianza na pesa ngapi wala duka lilikua vipi. Hayo mtayajua wenyewe siku ya kulipa kodi. Nitawaambia vile nilifundishwa kazi, na vile mwili wangu mwenyewe ulikaribia kunifungia duka.

Mwaka wa 1991 tulihamia Kajiado kutoka Bungoma. Baba Nekesa alikuwa karani wa serikali, akahamishwa, nasi tukafuata na masufuria. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, watoto watatu, na sikujua neno moja la Kimaasai. Wiki ya kwanza mzee mmoja alinisalimia njiani, "Takwenya." Nikamwambia hatujambo, mzee. Hakwenda. Akarudia, "Takwenya." Nikamwambia watoto pia hawajambo. Bado akasimama. Aliyeniokoa ni mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kibuyu cha maziwa. Akaniambia, "Sema 'Iko', mama, huyu mzee ana ng'ombe wanamngoja." Nikasema "Iko", na mzee akaenda zake ameridhika. Huyo mwanamke alikuwa Mama Naserian. Tangu siku hiyo nilinunua maziwa kwake, na mkumbuke jina lake kwa sababu atarudi.

Ni yeye aliyenipeleka kwa Mama Ndunge. Mama Ndunge alikuwa Mkamba wa Machakos, fundi wa nguo za akina mama karibu na soko la Kajiado, mwembamba, mtu wa maneno machache na yote ya kuchoma.

"Unajua kushona?" akaniuliza.

"Kidogo, Mama."

"Afadhali usingejua kabisa."

Akanikalisha kwenye cherehani bila uzi, akanipa karatasi za pakiti za sukari zilizochorwa mistari kwa penseli. Kazi yangu ikawa kukanyaga na kufuata mstari, sindano ikitoboa mashimo. "Mashimo yakinyooka nitakupa uzi," akasema. Nilishona sukari mpaka sisimizi wakaanza kututembelea. Nyinyi mnanung'unika kwamba niliwafanyisha zoezi hilo hilo. Angalieni pindo zenu leo, halafu mninung'unikie tena.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wateja wengi wa Mama Ndunge hawakuja wenyewe. Walikuwa Namanga, walikuwa Oltepesi, wengine walikuwa mbali na barabara kabisa. Siku ya soko angekuja mtu na kitambaa, aseme, "Ni cha dada yangu. Anataka gauni."

"Yuko namna gani, huyo dada?"

Mtu anaangalia huku na huku, anakuona wewe fundi umesimama hapo, anasema, "Yeye ni kama wewe. Lakini mfupi kidogo."

Basi. Hicho ndicho kipimo ulichopewa. Mama Ndunge alinisimamisha mbele ya kioo, akanifundisha. "Tepu inapima mtu aliye mbele yako. Yule ambaye hayuko utampima na nini? Jipime wewe. Ujue bega lako, ujue kifua chako, ujue kiuno. Ukiambiwa ni kama wewe lakini mnene, ongeza. Mfupi, punguza. Wewe ndio tepu." Kisha, akiwa ameshageuka kurudi kwa cherehani yake, akaongeza, "Na kila Krismasi unajipima upya."

Hiyo sehemu ya mwisho niliichukua kama lile shauri la kuchemsha maji ya kunywa. Shauri zuri sana, kwa watu wengine.

Na kazi hiyo niliiweza, niwaambie ukweli. Nilikuwa nafunga kitambaa mwilini, naweka alama kwa chaki, naongeza hapa, napunguza pale, na nguo inaenda Namanga inamkaa mtu ambaye sijawahi kumwona. Wakati mwingine maelezo yenyewe yalikuwa kazi. Siku moja kondakta alituletea kitambaa cha mke wake. Mama Ndunge akamuuliza yuko namna gani. "Ni kama huyu," akasema akinionyesha, "lakini…" Akaanza kueleza kwa mikono. Akaeleza mbele, akaeleza nyuma, akarudi mbele tena kwa sababu hakuridhika. Wateja wote wakaangalia mabati ya juu. Mama Ndunge akamwambia, "Tumeelewa, kijana. Mikono weka mfukoni." Nguo ilimkaa mke wake sawasawa.

Nguo ya kwanza niliyoshona peke yangu, bila Mama Ndunge kushika mkasi, ilikuwa yangu mwenyewe. Gauni la rangi ya damu ya mzee, ile nyinyi mnaita maroon, la kubana kiuno na kola nyeupe. Nililivaa Jumapili, na Baba Nekesa akasahau kitabu cha nyimbo nyumbani. Nililipenda gauni hilo kushinda vile mtu anapaswa kupenda kitambaa.

Miaka ikaenda. Baba Nekesa aliacha serikali akapata kazi kiwandani Athi River, tukapanga nyumba Kitengela, na mimi nikafungua kibanda cha mabati kando ya barabara ya Namanga. Vumbi la malori ya mawe kutoka machimboni mnalijua. Kila kitambaa lazima kikung'utwe kabla ya kukatwa, la sivyo unamshonea mtu nguo pamoja na nusu ya machimbo. Wewe Faith ulikuja kwanza, Moraa akafuata. Wateja wa Namanga hawakuniacha. Walituma vitambaa kwa magari, na ujumbe ukawa ule ule: yeye ni kama wewe.

Sasa, nilipopita arubaini na tano, mambo yakaanza. Kwanza joto. Niko kazini, ghafla naungua kutoka kifuani mpaka kwenye masikio. Nikailaumu pasi ya makaa. Nikaitoa nje. Joto likaendelea. Nikalaumu mabati. Mlinicheka mlipoona nimehamisha cherehani chini ya mwavuli, na bado nilikuwa najipepea na kipande cha bitana. Kisha gauni la damu ya mzee likakataa kupanda kwenye nyonga. Nikasema limenywea kwa kufuliwa. Lilikuwa limefuliwa na maji yale yale ya miaka yote, lakini nikasema limenywea, na nikalitundika ukutani likingoja kurudi hali yake.

Kioo chetu cha dukani wakati huo kilikuwa kile chembamba. Kilikuwa kinanionyesha nusu, na mimi nilichagua nusu ya kuamini.

Ndipo nguo zikaanza kurudi. Ya kwanza ilirudi kutoka Namanga na ujumbe wa heshima: asante sana, lakini ni kubwa. Nikasema ni ukame, watu wamekonda. Ya pili ikarudi, ya tatu ikarudi. Nadhani unakumbuka maneno yako, Faith.

"Mathe, kwani watu wote wa Namanga wamekonda pamoja?"

"Ukame, Faith. Wewe hujui ukame."

"Na yule wa Athi River?"

"Huyo ni mawazo."

"Si tuchukue tu tepu tukupime?"

Nikakuambia tunga sindano uache maneno. Nikamwandikia hata mteja mmoja ale maharagwe. Mungu anisamehe, aliyala.

Mwaka wa 2004, Mama Naserian akaja Kitengela. Binti yake Naserian, yule mtoto aliyekuwa akimfuata nyuma na kibuyu kidogo, alikuwa anaolewa. Harusi ingekuwa nyumbani kwao, nje kidogo ya Kajiado. Alikuwa amenunua jora zima la kitambaa cha samawati ili mashangazi wa bibi harusi wavae sare, wote wanane, wengine wa Namanga, wengine wa Oltepesi. Alikuwa amewaambia wakwe zake kwamba mashangazi watavalishwa na fundi wake mwenyewe wa tangu zamani.

"Wako namna gani?" nikamuuliza.

Mama Naserian akaniangalia. Akanywa chai kidogo, akasema, "Wako kama wewe." Halafu, pole pole, kwa adabu, "Kama wewe ile ulikuwa Kajiado."

Nikasikia hapo pa kwanza tu. Hapo pa pili pakapita na lori la mawe.

Nilikata nguo nane kwa furaha kubwa. Kitambaa chote kiliisha, mpaka nikashangaa, kwa sababu kwa hesabu ya Mama Ndunge jora lingebaki na kipande. Wakati huo huo nilikuwa najitayarisha mimi mwenyewe. Nilitaka kuingia Kajiado na gauni la damu ya mzee. Kwa hivyo kila asubuhi maji ya ndimu, kila jioni kabichi, na Baba Nekesa ameketi mbele yangu anakula chapati bila huruma.

"Naonekana namna gani?" nikamuuliza usiku wa kuamkia safari.

"Uko tu vile uko," akasema. Ndoa ilikuwa imemfundisha.

Nguo za mashangazi zilitangulia kwa gari. Mimi nilifika asubuhi ya harusi nimevaa gauni langu la kazi, lile la damu ya mzee liko kwenye mfuko, nikiwa na imani kwamba ndimu ingefanya kazi yake ya mwisho njiani. Mbuzi walikuwa motoni tayari. Mama Ndunge, sasa mzee kabisa, alikuwa amewekewa kiti penye kivuli cha nyumba, na cherehani yake ya mkono iko miguuni, kwa sababu aliamini hakuna harusi isiyochanika mahali.

Shangazi wa kwanza akatoka ndani. Alikuwa Mama Sanaipei wa Namanga, muuza shanga pale mpakani, mrefu na mwembamba. Alitembea, nguo ikabaki nyuma kidogo, kisha ikamfuata. Mabega ya nguo yalikuwa kwenye viwiko vyake. Akatoka wa pili, wa tatu. Wote wanane wakasimama uani wameshika nguo kwa mikono miwili zisianguke. Wawili wakaingia kwenye gauni moja kuhakikisha, na bado kulikuwa na nafasi ya mtoto. Wakacheka mpaka wakashikana.

Mama Naserian hakucheka. "Mama Nekesa," akaniambia kwa sauti ya chini, "wakwe zangu wako njiani. Nimewaambia ni wewe."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuona kabla yake wala baada yake. Huyu ndiye alinifundisha kusema "Iko". Miaka yote hiyo hakuniomba kitu isipokuwa hiki. Na Namanga nzima na Oltepesi nzima walikuwa hapo uani, ndani ya hema zangu.

"Ni ukame," nikaanza.

"Njoo hapa," akasema Mama Ndunge kutoka kwenye kiti. Nikaenda. "Ulijipima lini?"

"Nilijipima, Mama."

"Lini?"

"Kajiado."

"Kajiado ya lini?"

Mama Ndunge akatoa tepu shingoni mwake. "Inua mikono."

"Mama, watu wote hawa?"

"Mficha uchi hazai. Inua."

Nikainua mikono mbele ya mashangazi wanane, mbele ya wachoma nyama, mbele ya mbuzi. Akanizungushia tepu kifuani, akanizungushia kiunoni, na pale kiunoni tepu ilisafiri kwanza. Akabana namba kwa kidole akanionyesha. Nikageuza uso. Akaileta upande ule niliogeukia.

"Huyu ndio wewe," akasema. "Si mbaya. Ni mkubwa tu."

Nikalia. Sikulia kwa sababu ya nguo za watu. Nililia kwa sababu miaka yote hiyo niliamini yule mwanamke wa thelathini na mitano yuko mahali humu ndani, amejificha, anangoja ndimu. Na sasa tepu ilikuwa imezunguka kote isimkute. Mama Ndunge aliniacha nilie kidogo tu.

"Lia ukiwa unafanya kazi," akasema.

Kufumua nguo nane hakungewezekana. Nikafikiria lastiki kiunoni, lakini mwenye duka la vifaa vya kushonea alikuwa amealikwa kwenye harusi hiyo hiyo. Amefunga duka, na nilimwona pale akijikatia maini. Nikasimama nikaangalia gauni la Mama Sanaipei. Nikashika kitambaa kiunoni, nikakikusanya mkononi, na marinda yakashuka vizuri mpaka chini. Yalikuwa mazuri. Ukubwa wenyewe ndio ulikuwa unayafanya mazuri. Nguo iliyokatwa sawasawa isingekuwa na kitambaa cha kufanya hivyo. Nikajua la kufanya: napiga mkunjo kiunoni na mabegani, naacha njia ndani, napitisha kamba, mtu anavuta anajifunga kwa ubavu vile anataka.

"Kamba utatoa wapi?" akauliza Mama Ndunge.

Kitambaa cha samawati kilikuwa kimeisha, mnajua sababu. Nikaangalia mfuko wangu. Mama Ndunge naye akauangalia. Nikalitoa gauni la damu ya mzee, nikalikung'uta.

"Hiyo ni nguo nzuri," akasema.

"Ni nzuri. Ni ndogo."

Ilikuwa mara ya kwanza nimelisema hilo. Nikachukua mkasi, nikaanza kwenye pindo, nikakata nikizunguka na kuzunguka vile mtu humenya chungwa, mpaka juu kwenye kola. Ikatoka kamba moja ndefu sana, nikaigawa mara nane. Niliposhona, Mama Ndunge alinizungushia mpini wa cherehani yeye mwenyewe, na ni siku hiyo pekee nilimsikia akiimba.

Wakwe walipofika, mashangazi wanane waliwapokea na samawati iliyofungwa na kamba nyekundu iliyokoza, na shanga zao juu. Mama Sanaipei alizunguka kuwaonyesha.

"Na nikila nyama?" alikuwa ameniuliza nikimfunga.

"Unalegeza."

"Na nikicheza?"

"Unakaza."

Akawaeleza wenzake kwa Kimaasai, kwa maneno mengi kuliko nilivyotumia, na wakanipigia makofi. "Ashe oleng, asante sana," Mama Naserian akaniambia, akanishika mkono hakuuachia mpaka wimbo ukaisha. Mimi nilihudhuria harusi na gauni la kazi lenye alama za chaki. Nikaletewa mbavu, nikala, na ndimu niliyokuwa nimebeba nikaikamulia juu ya nyama.

Mnajua kilichofuata. Wiki hiyo Namanga wakatuma vitambaa: tunataka ile ya kamba. Nikashona. Kisha nikaanza kufikiria mambo yangu mwenyewe, mimi ambaye mpaka miaka arubaini na minane nilishona nilichoambiwa. Nikatengeneza mikono mipana ya kupitisha hewa, kwa ajili ya wale wanaoungua kama mimi na pasi isiyokuwepo. Nikatengeneza gauni la kamba mbili, la kufunga juu ukiwa na mimba na chini ukishajifungua. Nilikuwa nachora kwa chaki mezani, kwenye mlango, siku moja kwenye mgongo wa Moraa. Kama mtu angeniambia nikiwa kijana kwamba akili yangu itachangamka wakati magoti yanaanza kulia, ningemwambia akapimwe malaria.

Tulinunua kile kioo kipana. Na kila Krismasi mlinipima, Faith akishika tepu na Moraa akitangaza namba kwa sauti hata kwa wale wasiouliza. Endeleeni hivyo hivyo baina yenu. Najua sasa wateja wanatuma vipimo kwa simu. Jipimeni hata hivyo.

Wiki yangu ya mwisho dukani hamkuwepo, mlikuwa mmeenda Gikomba kutafuta vifungo. Akaingia mwanamke mwenye shanga.

"Sopa," akasema.

"Ipa."

Alikuwa Mama Sanaipei. Amechukua gari kutoka Namanga peke yake, na mkononi ana gauni la samawati, limepauka mabega kama kitu kilichovaliwa kweli. Akaliweka mezani akanionyesha ubavuni. Kamba ya damu ya mzee ilikuwa imelegezwa na kulegezwa mpaka ncha hazifikiani tena.

"Imekuwa fupi," akasema.

"Kile kitambaa kiliisha, mama. Hakuna kingine cha rangi hiyo."

"Weka yoyote. Mimi nataka kufunga tu."

Nikachomoa ile kamba pole pole, nikaiviringa kidoleni, nikaitia mfukoni. Nilipoinua uso, alikuwa amekuja kusimama kando yangu mbele ya kioo. Kioo kile kipana, na tulikijaza sisi wawili. Akaangalia kiuno chake, akaangalia changu, akanigonga na bega.

"Sasa ndio niko kama wewe," akasema.

Nikampima hata hivyo.